Mashine ya Ultrasaundi ya Mkononi: Tathmini ya Mkunga wa Busia Baada ya Mwaka Mmoja

Mashine ninayoitathmini hapa inaingia katika mfuko wa koti langu la kazi. Uzito wake haufiki nusu kilo, haina kioo chake yenyewe wala waya, na picha yake huonekana kwenye tableti ambayo imeunganishwa nayo kwa waifai inayotoka ndani ya mashine hiyohiyo. Tuliinunua mwaka jana, mimi na wakunga wenzangu wawili tunaoendesha pamoja kliniki ndogo ya uzazi hapa Busia, upande wa Uganda, kwa shilingi milioni tatu na laki nne tulizokopa kutoka sako yetu, yaani chama chetu cha akiba na mikopo. Sitaitaja kampuni iliyoitengeneza wala duka la Kampala lililotuuzia, kwa sababu nina malalamiko juu ya wote wawili na wao hawapo hapa kujitetea. Isitoshe, mashine za aina hii zinafanana kiasi kwamba mengi nitakayoyasema yatamfaa hata yule anayefikiria kununua ya chapa nyingine.

Kwanza nieleze nimeipima kwa kipimo gani. Wanaotathmini vifaa hivi huanza na uangavu wa picha, kisha betri, kisha bei, na hayo nitayafikia. Lakini kliniki yetu haina chumba cha upasuaji wala damu ya kuongezea, na kila mama mwenye tatizo lililotuzidi ni lazima asafiri hadi hospitali, kwa teksi ikiwa ni mchana na kwa bodaboda ikiwa ni usiku, isipokuwa gari la wagonjwa lipatikane na mafuta yawemo. Kwa familia zinazoishi kwa biashara ndogo za mpakani, safari moja ya dharura inaweza kumeza mtaji wote. Kwa hiyo nimekuwa nikiandika katika daftari, kila ninapomaliza kumpima mama, iwapo jibu la mashine limemwepusha safari asiyoihitaji, limemsafirisha mapema kabla mambo hayajaharibika, au limemsafirisha bure. Tathmini hii imetoka katika daftari hilo.

Kwa msomaji asiye wa kazi yetu, nieleze kidogo namna kifaa hiki kinavyoona. Sikio la binadamu haliisikii sauti iliyozidi mitetemo 20,000 kwa sekunde, ilhali kichwa cha mashine yangu hutoa mawimbi ya megahezi 3.5, yaani mitetemo milioni tatu na nusu kwa sekunde. Mawimbi hayo hupita katika nyama laini za mwili kwa mwendo wa mita 1,540 hivi kwa sekunde, na kila yanapofika kwenye mpaka wa vitu viwili visivyofanana, kama vile maji ya uzazi na fuvu la mtoto, sehemu yake hurudi kama mwangwi. Mwangwi wa kitu kilichoko sentimita 10 ndani hurudi baada ya sehemu 130 za milioni ya sekunde, na kutokana na muda huo mashine hukokotoa kila nukta ya picha ikae wapi. Hakuna mionzi kama ile ya eksirei, ingawa hiyo si ruhusa ya kumkalia mama tumboni nusu saa bila sababu. Mawimbi yana nishati, na desturi nzuri ya kazi ni kutumia nguvu ndogo kabisa inayotosha kujibu swali na kisha kuondoa mkono.

Asili ya ufundi huu nimeipenda tangu nilipoisikia darasani. Ian Donald, daktari wa akina mama huko Glasgow, alianza kwa kujaribu kifaa kilichotumika viwandani kutafuta nyufa ndani ya chuma, na mwaka 1958 yeye pamoja na daktari John MacVicar na mhandisi Tom Brown walichapisha katika jarida la The Lancet picha za uvimbe wa tumboni na za mtoto aliyekuwa bado hajazaliwa. Mashine zao zilikuwa kubwa kama samani. Kwamba leo kazi hiyohiyo inafanywa na kitu ninachokibeba pamoja na kalamu na funguo ni jambo ambalo bado sijalizoea, na nalisema mapema ili malalamiko yatakayofuata yasieleweke kama kukosa shukrani.

Hewa ndiyo adui wa kwanza wa ultrasaundi. Pengo dogo la hewa kati ya kichwa cha mashine na ngozi hurudisha karibu mawimbi yote kabla hayajaingia mwilini, na ndiyo sababu mama hupakwa jeli. Chupa iliyokuja na mashine iliisha katika wiki ya tatu, na jeli haipatikani Busia kila siku. Ilipokosekana tulitumia uji mzito wa wanga wa muhogo, uliochemshwa, ukachujwa na kupozwa, njia ambayo watafiti wamewahi kuijaribu na kuona kwamba picha yake haipitwi sana na ile ya jeli ya dukani. Masharti ni mawili: uji upikwe upya kila asubuhi kwa sababu huchacha, na usipakwe kwenye ngozi yenye jeraha. Mama mmoja mchuuzi wa samaki aliponiona nikija na bakuli na mwiko aliniuliza kama nimekusudia kumpika.

Betri ni ndogo. Karatasi ya mtengenezaji inaahidi saa tatu za kazi. Mimi sijawahi kuzipata, na siku ya kliniki yenye akina mama wengi huwa ninaichaji wakati wa chakula cha mchana ili ifike jioni. Jambo linalochosha zaidi ni joto. Kichwa cha mashine kikipata moto kupita kiasi hujizima chenyewe ili kisimuunguze mama, na huo ni ulinzi unaofaa, lakini chini ya paa letu la bati, mwezi Februari, saa nane mchana, hujizima baada ya akina mama wanne au watano mfululizo, nami hubaki nimesimama nikikipepea kwa faili la mgonjwa. Umeme ukikatika, au pesa za Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, zikiisha kabla hatujanunua nyingine, tuna paneli ndogo ya jua inayotosha kuchaji mashine na tableti. Anayenunua mashine hii bila kufikiria umeme wa kuichaji amenunua nusu yake tu.

Sasa picha. Ukiilinganisha na mashine kubwa ya hospitali, picha yangu ina ukungu, hasa kwa mama mnene, kwa kuwa mawimbi ya mitetemo mingi huonyesha kwa uangavu lakini hayaendi mbali, na yale ya mitetemo michache huenda mbali lakini huonyesha kwa ukungu. Mtengenezaji huchagua katikati, na katikati hiyo haimridhishi mtu yeyote kikamilifu. Siwezi kuchunguza vyumba vya moyo wa mtoto kwa mashine hii, wala uti wa mgongo wake, wala midomo yake, na nimekataa mara nyingi kuwaambia wazazi kwamba mtoto hana kasoro, kwa sababu sikuona na sikuwa na uwezo wa kuona. Maswali ninayoiuliza ni machache: mimba imo ndani ya kizazi, ni mtoto mmoja au zaidi, moyo unapiga, kilichotangulia ni kichwa au makalio, na kondo la nyuma limekaa wapi. Kwa maswali hayo ukungu haunisumbui. Kichwa cha mtoto ni duara jeupe ambalo hata mume anayechungulia kutoka mlangoni hulitambua.

Swali la kutanguliza ndilo lililoirudishia mashine hii gharama yake. Mama mmoja wa mimba ya tatu, aliyekuwa katika wiki ya 37, alikuwa na maji mengi ya uzazi kiasi kwamba mikono yangu ilidanganyika. Nilishika kitu kigumu chini nikaamini ni kichwa, ingawa mapigo ya moyo niliyasikia juu ya kitovu kwa pembe yangu ya mbao, jambo ambalo lingepaswa kunishtua. Mashine ilionyesha kichwa kikiwa chini ya mbavu za kushoto. Tulikaa naye na mumewe tukapanga: Jumanne ndiyo siku ambayo kikundi chao cha akiba kinagawana, dada yake angebaki na watoto, na wangepanda teksi ya asubuhi kwenda hospitali wakiwa na nguo, kadi ya kliniki na pesa ya chakula. Alizaa kwa upasuaji siku mbili baadaye na akarudi kwa teksi vilevile. Nimefanya kazi ya ukunga miaka 14, na kabla ya mashine hii habari za namna hiyo nilizipata usiku, wakati kisigino kimeshatokeza, na safari iliyofuata sitaki kuielezea.

Mapacha wamejitokeza mara chache, na hapo hakuna cha kujadili. Mashine inafaa, mwisho.

Kwenye tarehe ndipo ninapotaka kukawia, kwa kuwa ndipo wenzangu wengi wanapoiamini mashine kupita kiasi. Mwanzoni mwa mimba watoto wote hukua kwa mwendo unaokaribiana, na urefu wa kijusi kutoka kichwani hadi makalioni, ukipimwa vizuri kabla ya wiki ya 14, hutaja umri wa mimba kwa tofauti isiyozidi wiki moja hivi. Baada ya hapo kila mtoto hufuata damu ya ukoo wake na lishe ya mama yake, na kufikia miezi mitatu ya mwisho tofauti hiyo inaweza kufika wiki tatu, kabla au baada. Mashine haikuambii hivyo. Hukuandikia tarehe moja, kwa herufi nene, kana kwamba imeiona kwenye kalenda.

Mama mmoja wa Kiislamu alikuja kwetu mara ya kwanza akiwa na tumbo kubwa. Nilipomuuliza hedhi yake ya mwisho alinijibu bila kusita kwamba ilianza siku ya tatu baada ya Idi, kwa sababu alikuwa amefurahi kuumaliza mfungo bila kudaiwa siku na akaingia kwenye hedhi mara tu sherehe zilipokwisha. Kwa hesabu yake alikuwa katika wiki ya 37. Nilipima kichwa, tumbo na paja la mtoto, mashine ikasema 34. Niliiamini mashine, nikamwambia bado muda upo, naye akaahirisha kununua vifaa vya kujifungulia. Siku nne baadaye alijifungua mtoto wa kilo 3.1, mwenye kucha zilizokomaa, katika chumba chetu, akiwa amebeba kanga mbili tu. Hakuna aliyedhurika, lakini iwapo uchungu ungemkuta nyumbani, sababu ingekuwa ni tarehe yangu. Tangu siku hiyo ninapompima mama aliyechelewa kuja huandika tarehe yake kwanza na ya mashine pembeni, na ikiwa yake imefungamana na Idi, Krismasi, siku ya mitihani au msiba, ya mashine ndiyo inayotakiwa kujieleza.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016 wa huduma za wajawazito, lilipendekeza kipimo kimoja cha ultrasaundi kabla ya wiki ya 24, na sababu ya kuweka mpaka huo ndiyo hiyo niliyoieleza. Shida ni kwamba akina mama wengi wa hapa huanza kliniki mwezi wa tano au wa sita, baadhi kwa aibu, baadhi kwa imani kwamba mimba ikitangazwa mapema hupatwa na jicho baya, na wengi kwa sababu ya kutafuta riziki. Nilichokiona ni kwamba mashine yenyewe imewavuta kidogo. Neno limeenea sokoni kwamba kwetu unaweza kumwona mtoto bila kwenda mjini kulipa, na wapo wanaokuja mwezi wa tatu kwa hamu hiyo. Waume nao huja, mara nyingi ili kuuliza kama ni mvulana, na nikiwajibu kwamba sikuangalia hunitazama kama fundi aliyekataa kufungua boneti.

Katika suala la kondo la nyuma daftari langu lina doa. Mama wa wiki ya 20 alionekana kondo lake likiwa limeshuka hadi karibu na mlango wa kizazi. Nilishtuka, kwa kuwa kondo lililoziba njia humwaga damu na linaweza kuua, nikamwandikia rufaa siku hiyohiyo. Familia iliuza mbuzi wawili, wakaenda hospitali ya Mbale, wakarudishwa na maelezo mazuri kabisa: katika wiki ya 20 makondo mengi huonekana yako chini, na kizazi kinapotanuka kuelekea juu mengi yao huinuka nacho, hivyo arudiwe kupimwa karibu na wiki ya 32. Aliporudiwa, kondo lilikuwa limepanda. Safari ile ilisababishwa na mashine yangu na elimu yangu pungufu, na mbuzi hawakurudi. Ningekuwa sina mashine, mama huyo asingejua chochote na angezaa salama vilevile.

Hapa nataka kuwapeleka wasomaji kwenye tafiti mbili, kwa sababu muuzaji wetu alitaja moja tu. Ya kwanza ni ya hapahapa Uganda. Katika kituo cha afya cha Nawanyago, wilaya ya Kamuli, mradi wa ultrasaundi ulianzishwa mwaka 2010, wakunga wakafundishwa kupitisha kichwa cha mashine tumboni kwa mpangilio maalumu na picha zikatumwa kwa wataalamu walioko mbali ili wazisome. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013 katika jarida la PLoS ONE: idadi ya akina mama waliohudhuria kliniki na waliojifungulia kituoni iliongezeka baada ya mashine kuletwa. Utafiti huo ndio muuzaji aliotuonyesha, na nilichokiona sokoni Busia kinaelekea upande uleule.

Wa pili ulifanyika Kongo ya Kinshasa, Guatemala, Kenya, Pakistan na Zambia, na ulichapishwa mwaka 2018. Maeneo yaligawanywa kwa kura, mengine yakapewa ultrasaundi katika kliniki za wajawazito pamoja na mafunzo na utaratibu wa rufaa, mengine yakaendelea na huduma za kawaida, kisha ikahesabiwa vifo vya akina mama, wale walioponea chupuchupu, watoto waliozaliwa wafu na waliokufa wachanga. Tofauti haikuonekana. Wala akina mama hawakuongezeka kliniki au hospitali kwa sababu ya mashine. Wasomaji wengi wa kazi yetu hukasirika wakisikia hivyo, lakini mimi nikilifungua daftari langu sioni cha kushangaza. Nawanyago walihesabu waliofika mlangoni. Utafiti wa nchi tano ulihesabu waliotoka hai upande wa pili, na katikati ya milango hiyo miwili kuna barabara, mafuta ya gari, damu ya kuongezea, mtaalamu wa dawa ya usingizi aliye zamu na mume mwenye simu inayopatikana. Mashine inaweza kukuambia saa nne asubuhi kwamba mtoto ametanguliza makalio, lakini haiwezi kumleta daktari wa upasuaji siku ya Jumapili.

Vifo vya uzazi nchini vimepungua kweli. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya ulitaja vifo 336 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai mwaka 2016, na ule wa mwaka 2022 ukataja 189. Muuzaji alipotuonyesha tarakimu hizo karibu na picha ya bidhaa yake nilimuuliza kuna uhusiano gani, akahamia kwenye ukurasa mwingine.

Mafunzo ndiyo gharama isiyoandikwa kwenye boksi. Muuzaji alitupa saa mbili, nyingi zikiwa za kutuonyesha namna ya kubadilisha rangi ya kioo. Mwenzetu mmoja alikuwa amewahi kusoma ultrasaundi Kampala, mji ambao una shule za kazi hiyo, ikiwamo Taasisi ya Ernest Cook iliyoko Mengo, na bila yeye tungekuwa tunatazama mawingu. Alitufundisha jioni, kwa akina mama waliokubali, kila mmoja wetu akirudia kipimo cha mwenzake bila kuona jibu lake. Mwezi wa kwanza tulitofautiana hadi wiki mbili kwa mtoto yuleyule. Kufikia mwezi wa nne tofauti zilikuwa za siku. Kama katika kliniki yako hakuna hata mmoja aliyesoma, pesa ya mashine itangulie kwenda shule.

Programu yake ina kitufe kinachodai kukadiria umri wa mimba kwa akili mnemba, bila mpimaji kuchagua picha mwenyewe. Wazo lenyewe si la kubezwa. Mwaka 2024 jarida la JAMA lilichapisha utafiti uliofanywa Zambia na North Carolina, ambako watu wasiosomea ultrasaundi walipitisha mashine ya mkononi tumboni bila hata kutazama picha, kompyuta ikakadiria umri wa mimba, na kati ya wiki ya 14 na ya 27 makadirio yake yalikaribiana sana na ya wapimaji waliosomea. Lakini ile ni programu iliyojaribiwa hadharani, na hii ya kwangu ni nyingine. Nilipouliza imejaribiwa kwa akina mama wangapi na wa wapi, nilijibiwa kwamba ni siri ya kampuni. Nimekizima kitufe hicho.

Programu hiyohiyo hutaka intaneti mara kwa mara ili ithibitishe kwamba akaunti yetu ni halali, na mara moja ilijifunga kwa siku mbili kwa sababu mtandao ulikuwa umesumbua mtaani kwetu wiki nzima. Kifaa cha kliniki hakitakiwi kuwa na tabia ya king'amuzi kisicholipiwa. Zaidi ya hayo, ilikuja ikiwa imewekwa kutuma kila picha kwenye hifadhi iliyoko nchi za nje pamoja na jina la mama, na ilinibidi nitafute kwa muda mrefu mahali pa kuizima. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019, na picha ya kizazi cha mtu ni taarifa binafsi kuliko nyingi. Lugha za programu ni saba, Kiswahili hakimo, ingawa Baraza la Mawaziri lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022 na ingawa ndicho ninachotumia kumweleza Mteso, Msamia na mama aliyevuka kutoka Kenya kitu kilekile kwa maneno yaleyale. Nimebandika karatasi ya tafsiri nyuma ya tableti.

Kuhusu duka, niseme kwa ufupi. Dhamana ilikuwa ya mwaka mmoja. Mwezi wa tisa kichwa cha mashine kilianza kuonyesha mstari mweusi katikati ya picha, nikakipeleka Kampala, nikaambiwa kimeangushwa, jambo ambalo halikutokea, kisha nikaambiwa kirudishwe kiwandani kwa gharama zangu. Baada ya wiki sita na simu nyingi kilirudi kikiwa kizima, na wakati huo wote tulirudi kwenye mikono na pembe ya mbao. Katika mkataba wa mauzo hakukuwa na kifaa cha kushikizia kazi wakati chetu kinatengenezwa. Anayenunua leo adai sharti hilo liandikwe, na adai pia betri inayoweza kufunguliwa na kubadilishwa, kwa maana yangu imegundishwa ndani na itakapochoka mashine nzima itachoka nayo.

Je, ningeinunua tena? Ningenunua ya aina hii, lakini si hii. Kwa kliniki au kituo chenye mpimaji mmoja aliyesoma, chenye umeme wa uhakika, na chenye hospitali inayofikika, kifaa cha mkononi kinastahili mkopo wake. Kwa mwenye duka la dawa anayetaka kupiga picha kwa shilingi elfu kumi na kumwambia mama jinsia ya mtoto, naomba asinunue, kwa sababu atasafirisha watu bure zaidi kuliko nilivyowasafirisha mimi, au atawatuliza waliotakiwa kuondoka jana.

Wiki iliyopita mkunga mwenzangu wa Majanji, kando ya ziwa, alinipigia simu kuniuliza kama achukue mkopo anunue ya kwake. Nilimwomba kwanza anieleze mambo matatu: mama akianza kutoka damu saa saba usiku nani anakuja na chombo gani, anakuja baada ya muda gani, na nani analipa. La kwanza alilijibu papo hapo, akataja jina la kijana wa bodaboda. Kwa mawili yaliyobaki alisema atauliza, na bado ninasubiri simu yake.